Mirambo

Mirambo (takriban 1840 – 2 Desemba 1884) alikuwa mtemi wa Wanyamwezi aliyeunda dola ya Urambo, magharibi mwa Tabora, katika Tanzania ya leo. Alianza akiwa mtawala wa utemi mdogo wa Uyowa, akaunganisha temi nyingi chini yake, na kwa miaka kadhaa alishika sehemu muhimu ya njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Vita vyake dhidi ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilitikisa biashara ya pembe za ndovu hadi Zanzibar.

Dola yake haikudumu muda mrefu baada ya kifo chake. Hata hivyo, majina ya nchi alizotawala yamebaki kwenye ramani: Urambo ni jina la mji, wilaya na jimbo la uchaguzi la Bunge la Tanzania, na Ulyankulu pia ni jina la jimbo la uchaguzi katika mkoa wa Tabora.

Unyamwezi na temi zake

Katika karne ya 19 Unyamwezi haukuwa nchi yenye mtawala mmoja. Ulikuwa na temi nyingi, nyingine zikiwa na vijiji vichache tu. Kila utemi ulikuwa na mtemi wake, na makao yake yaliitwa ikulu, neno ambalo leo Watanzania hulitumia kwa makao ya rais wao.

Utemi ulikuwa wa ukoo, lakini haukupita moja kwa moja kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Watu wenye haki ya kurithi mara nyingi walikuwa zaidi ya mmoja, na katika temi nyingi za zamani haki hiyo ilifuata upande wa mama, yaani mtoto wa dada wa mtemi aliweza kurithi kabla ya mtoto wa mtemi mwenyewe. Wazee wa ikulu ndio waliomteua mmoja kati ya hao. Kwa sababu hiyo kifo cha mtemi mara nyingi kilileta ushindani, na aliyeshindwa aliweza kuhama na wafuasi wake au kutafuta msaada nje.

Ushindani huo ulizidi makali pale wageni wenye bunduki na mali walipoingia. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Unyanyembe, utemi ambao ndani yake mji wa Tabora ulikua. Baada ya kifo cha mtemi Fundikira mwishoni mwa miaka ya 1850, nafasi yake ilichukuliwa na Mnywa Sere. Mtemi huyo mpya alitaka kutoza kodi bidhaa za wafanyabiashara kutoka pwani. Wafanyabiashara walikataa, wakamwondoa kwa nguvu mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa badala yake. Mnywa Sere aliendelea kupigana porini kwa miaka kadhaa, akivizia misafara, hadi alipouawa mwaka 1865. Tangu wakati huo ilieleweka kwamba mtemi wa Unyanyembe alikaa kitini kwa ridhaa ya wafanyabiashara. Mirambo alikuwa kijana wakati mambo hayo yakitokea katika nchi ya jirani.

Njia ya misafara

Njia kuu ya misafara ilianzia pwani, hasa Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Tabora. Msafara ulichukua miezi miwili hadi mitatu kufika huko. Tabora palikuwa njia panda: njia moja ilikwenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika na kuvuka hadi Kongo, nyingine ilikwenda kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na nyingine kusini kuelekea Katanga.

Kutoka pwani zilikuja nguo za merikani na kaniki, shanga, nyaya za shaba, bunduki na baruti. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu na watumwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, ambao walikuwa wamezoea safari ndefu za biashara hata kabla ya misafara ya Waarabu kuwa mingi barani.

Kila mtawala aliyepitiwa na njia alidai hongo, yaani malipo ya kuruhusu msafara kupita na kupata maji na chakula. Hongo haikuhesabiwa kuwa wizi. Ilikuwa kodi ya nchi. Mabishano yalihusu kiasi chake na nani mwenye haki ya kuipokea. Mtemi aliyepata hongo nyingi aliweza kununua bunduki, na mwenye bunduki aliweza kudai hongo zaidi.

Maisha ya awali

Mirambo alizaliwa takriban mwaka 1840. Jina lake la awali lilikuwa Mbula Mtelya, na baba yake, Kasanda, alikuwa mtemi wa Uyowa. Mirambo ni jina la kivita alilolipata baadaye. Kwa kawaida hufasiriwa kuwa na maana ya maiti nyingi.

Habari za ujana wake ni chache. Inasimuliwa kwamba alichukuliwa mateka na Wangoni, ambao katika Unyamwezi waliitwa Watuta, na kwamba alijifunza kwao namna ya kupigana. Wangoni walikuwa wametoka kusini mwa Afrika na kufika magharibi mwa Tanzania ya leo katikati ya karne ya 19. Iwe alikaa nao au la, baadaye alitumia mbinu zinazofanana na zao: mashambulizi ya ghafla, mwendo wa kasi, na kuwaingiza vijana wa waliotekwa katika jeshi lake. Alifanya pia mapatano na Watuta na kupigana bega kwa bega nao mara kadhaa.

Alishika utemi wa Uyowa karibu na mwaka 1860, akiwa bado kijana. Katika miaka iliyofuata alipata pia utemi wa Ulyankulu. Kutoka hapo alianza kupanuka kuelekea temi za jirani. Makao yake makuu yaliyojulikana zaidi yaliitwa Iselamagazi, kijiji kikubwa kilichozungushiwa boma.

Jeshi la rugaruga

Nguvu ya Mirambo ilitegemea rugaruga. Hao walikuwa vijana wapiganaji, wengi wao bila mke wala shamba, waliotoka katika makabila mbalimbali. Wengine walikuwa mateka wa vita, wengine watumwa waliotoroka, wengine wapagazi walioacha misafara. Walijulikana kwa mavazi yao ya kutisha: nguo nyekundu, manyoya ya ndege, na mapambo yaliyotokana na adui waliouawa. Walitumia bunduki za gobore pamoja na mikuki na pinde.

Vita vya zamani katika Unyamwezi vilipiganwa na wakulima walioitwa kutoka mashambani na kurudi nyumbani msimu wa kilimo. Rugaruga walikuwa tofauti, kwa kuwa vita ilikuwa kazi yao ya kudumu. Mirambo aliwalipa kwa kuwagawia nyara, na alijulikana kwa ukarimu katika kugawa. Mwenyewe aliongoza mapigano, hakukaa nyuma ikulu. Aliwapenda zaidi askari vijana, kwa kuona kwamba mtu mwenye mke na watoto huogopa kufa.

Mpango huo ulikuwa na udhaifu wake. Jeshi lililoishi kwa nyara lilihitaji vita vipya kila wakati, na vijiji vilivyo njiani ndivyo vilivyolipa. Watu wengi walihama, mashamba yaliachwa, na wakazi waliobaki waliishi ndani ya maboma ya miti. Wengi waliotekwa waliuzwa utumwani.

Utawala

Alipoteka utemi, Mirambo kwa kawaida hakuuvunja. Kama mtemi alikubali kutii, kutoa kodi na kuleta watu wa vita, aliachwa kitini. Kama alikataa, aliuawa au kufukuzwa, na mara nyingi mtu mwingine wa ukoo huohuo aliyekubali kumtii Mirambo aliwekwa badala yake. Hivyo wenyeji waliendelea kutawaliwa na ukoo waliouzoea, lakini uamuzi wa nani akalie kiti ulihama kutoka kwa wazee wa ikulu kwenda kwa Mirambo.

Kwa namna hiyo alifanya Urambo kile ambacho wafanyabiashara walikuwa wamekifanya Unyanyembe. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa Mnyamwezi na alikusanya temi nyingi kuwa nchi moja, wakati Tabora ilimhitaji mtemi mmoja tu aliye upande wake.

Vita na Waarabu wa Tabora

Nchi ya Mirambo ilikuwa kwenye njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji. Kadiri alivyopata nguvu ndivyo alivyodai kutambuliwa na misafara. Wafanyabiashara kwa upande wao hawakutaka mtawala mwenye nguvu kati ya Tabora na ziwa. Kulikuwa pia na ugomvi wa madeni, na Mirambo alilalamika kwamba Tabora iliwapa hifadhi maadui zake.

Mwaka 1871 ugomvi uligeuka vita. Msafara mmoja uliokuwa ukielekea Ujiji ulizuiwa na Mirambo, ambaye alidai robota tano za nguo, bunduki tano na vipipa vitano vya baruti. Baada ya kulipwa alikataa bado kuufungulia njia, akautaka urudi ulikotoka, na akatangaza kwamba hakuna msafara wa Waarabu utakaopita katika nchi yake.

Wakati huo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani aliyetumwa kumtafuta David Livingstone, alikuwa Tabora. Njia yake ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Alijiunga na jeshi la Waarabu, lililokuwa na zaidi ya watu 2,000, na mwezi Agosti likaelekea Ulyankulu. Mwanzoni lilifanikiwa kuteka vijiji kadhaa. Kundi moja, likiongozwa na Sud, mwana wa mfanyabiashara Said bin Majid, liliingia boma la Ulyankulu na kukusanya nyara nyingi. Mirambo na watu wake hawakukimbia mbali. Walijificha majanini kando ya njia na kuwavamia Waarabu walipokuwa wakirudi na mizigo. Sud na wenzake wengi waliuawa. Habari zilipofika kambini, jeshi zima lilitawanyika na kurudi Tabora bila utaratibu.

Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe. Khamis bin Abdallah, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa mji, alitoka kupigana akiwa na watu wachache, akauawa. Sehemu ya mji ilichomwa moto na pembe nyingi zikachukuliwa. Stanley alikuwa Kwihara, kijiji kilicho karibu na Tabora, na aliimarisha nyumba yake kwa kusubiri shambulio ambalo halikumfikia. Mwezi Septemba aliondoka kwa njia ndefu ya kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, ili kumkwepa Mirambo. Alimkuta Livingstone Ujiji mwishoni mwa mwaka huo. Nyumba ya Kwihara, ambako wote wawili walikaa mwaka 1872, leo ni makumbusho.

Vita viliendelea kwa miaka minne hivi. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari Tabora, lakini hawakuweza kumshinda Mirambo. Yeye naye hakuweza kuuteka mji na kuushika. Pembe za ndovu zilipungua pwani na misafara ilizunguka kusini kwa gharama kubwa. Karibu na mwaka 1875 pande zote mbili zilikuwa zimechoka, na mapatano yalifanyika. Misafara ilianza kupita tena, na haki ya Mirambo kupokea hongo katika nchi yake ilikubaliwa kwa vitendo.

Uhusiano na wageni

Mwezi Aprili 1876 Stanley alikutana na Mirambo ana kwa ana huko Serombo, Usumbwa. Baada ya vita vya 1871 alikuwa amemweleza katika maandishi yake kama jambazi. Sasa alimkuta mtu mpole, mwenye sauti ya chini na adabu, tofauti na alivyomtarajia. Wawili hao walichanjiana na kuwa ndugu wa damu. Stanley pia alimfananisha na Napoleon Bonaparte wa Ufaransa, na mfano huo umerudiwa na waandishi wengi baadaye.

Baada ya amani na Tabora, Mirambo alitafuta njia ya kufika pwani bila kupitia mikononi mwa wafanyabiashara wa Tabora. Alituma pembe na wajumbe Zanzibar, na aliwasiliana na John Kirk, balozi wa Uingereza huko. Mwaka 1879 alimpokea Ebenezer Southon, daktari na mmisionari wa Shirika la Kimisionari la London, akamruhusu kujenga Urambo. Southon alimtibu Mirambo na watu wake, na maandishi yake ni kati ya habari muhimu zaidi kuhusu maisha ya ikulu ya Mirambo. Alifariki Urambo mwaka 1882 kutokana na jeraha la bunduki iliyofyatuka kwa bahati mbaya.

Urafiki na Uingereza ulivunjika mwaka 1880. Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, waliokuwa wakisafiri kwa ajili ya Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika iliyoanzishwa na mfalme Leopold II wa Ubelgiji, waliuawa katika boma la Mpimbwe. Boma hilo lilishambuliwa na jeshi la Mirambo pamoja na mshirika wake Simba. Mirambo alieleza kwamba hakujua kama Wazungu walikuwamo, lakini Kirk hakuendelea kumtegemea.

Mwaka 1882 Mjerumani Hermann von Wissmann, aliyekuwa akivuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, alipokewa vizuri na Mirambo. Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa Zanzibar na Kongo, naye alidumisha amani na Mirambo aliposhuka pwani na msafara wake wa pembe, ingawa jamaa zake walikuwa kati ya Waarabu wa Tabora. Kwa wasafiri wa wakati huo ilikuwa wazi kwamba njia ya magharibi haikupitika salama bila kuelewana na Mirambo.

Upanuzi na kifo

Katika miaka yake ya mwisho Mirambo alipigana karibu kila mwaka. Alielekea Usumbwa upande wa kaskazini, na Uvinza upande wa magharibi, nchi ya chumvi na ya kivuko cha mto Malagarasi kwenye njia ya Ujiji. Alipeleka jeshi hadi mipaka ya Burundi lakini hakufanikiwa huko. Alibadilishana wajumbe na kabaka Mutesa I wa Buganda. Kusini alikuwa na mshindani, Nyungu ya Mawe, mtawala aliyeunda dola yake Ukimbu kwa kutumia rugaruga vilevile.

Mirambo aliugua kwa muda, na inaelezwa kuwa ugonjwa wake ulikuwa wa koo. Alifariki tarehe 2 Desemba 1884, akiwa na umri wa miaka 44 hivi, wakati vita na majirani wake bado vikiendelea. Nyungu ya Mawe naye alifariki mwezi huohuo. Hivyo katika wiki chache magharibi ya Tanzania ya leo ilipoteza watawala wake wawili wenye nguvu zaidi.

Majuma hayohayo mambo mengine yalikuwa yakiendelea mbali na Urambo. Mkutano wa Berlin, ambapo mataifa ya Ulaya yalijadili kanuni za kugawana Afrika, ulikuwa umefunguliwa tarehe 15 Novemba 1884. Karibu na pwani, Mjerumani Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara na nchi jirani akiwatia machifu sahihi katika mikataba ambayo baadaye ilitumiwa kudai koloni.

Baada ya Mirambo

Utawala ulipita kwa ndugu yake Mpandashalo. Hakuwa na mamlaka ya mtangulizi wake. Temi zilizokuwa zimetiishwa kwa nguvu zilianza kujitenga, na rugaruga waliokuwa wakimfuata Mirambo kwa sababu ya ushindi na nyara walipungua. Mpandashalo aliuawa vitani karibu na mwaka 1890.

Mwaka huo Emin Pasha aliingia Tabora na kupandisha bendera ya Ujerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe alipinga utawala huo, na Januari 1893, boma lake lilipokuwa likitekwa na jeshi la Tom von Prince, alijilipua kwa baruti. Urambo haukuwa tena na nguvu ya kufanya upinzani wa aina hiyo. Wajerumani waliwatambua watemi wa nchi zilizokuwa chini ya Mirambo mmoja mmoja, na dola ikarudi kuwa temi kama kabla yake.

Sababu ya kuanguka haraka hujadiliwa na wanahistoria. Baadhi hutaja kwamba umoja wa Urambo ulishikwa na mtu mmoja: hapakuwa na baraza la temi zote wala utaratibu wa pamoja wa kumteua mrithi. Kila utemi uliendelea kuwa na ukoo wake na wazee wake, ambao walikuwa wakingoja nafasi. Wengine hukumbusha kwamba hata dola imara zaidi zilishindwa na ukoloni katika muongo huohuo.

Urambo kutoka dola hadi jimbo

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikipita Urambo na Kaliua. Ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya misafara na kumaliza kazi ya wapagazi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya Uingereza ilichagua Urambo kuwa moja ya sehemu tatu za mpango wa karanga, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mpango huo ulishindwa, lakini ardhi iliyofyekwa na barabara zilibaki, na baadaye kilimo cha tumbaku kilishika nafasi.

Siasa za uchaguzi zilianza eneo hili kwa hatua. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958, Jimbo la Magharibi lote, likiwa pamoja na Tabora na Kigoma, lilihesabiwa kama eneo moja la uchaguzi. Lilitakiwa kupeleka mwakilishi Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na kila mpiga kura alitakiwa kuwapigia watatu. Utaratibu huo, ulioitwa kura tatu, ndio uliojadiliwa kwa ukali katika mkutano wa TANU uliofanyika Tabora mnamo Januari 1958, ambapo chama kiliamua kushiriki. Mwaka 1963, baada ya uhuru, mamlaka ya watemi na machifu yalifutwa kisheria. Tangu hapo ukoo haukumpa mtu haki ya kutawala Urambo wala Unyanyembe, na uwakilishi ulipatikana kwa kura.

Urambo lilikuja kuwa jimbo la uchaguzi la Bunge. Mwanasiasa wake aliyejulikana zaidi ni Samuel Sitta (1942–2016), aliyeingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1975, akawa Spika kuanzia 2005 hadi 2010 na mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Idadi ya watu ilipoongezeka, eneo liligawanywa kuwa Urambo Mashariki na Urambo Magharibi. Wilaya ya Kaliua ilimegwa kutoka Urambo, na katika uchaguzi mkuu wa 2015 nchi ya zamani ya Mirambo ilikuwa na majimbo matatu: Urambo, Kaliua na Ulyankulu.

Ulyankulu, mahali Mirambo alipowashinda Waarabu mwaka 1871, palikuwa na historia yake ya pekee. Kuanzia mwaka 1972 palikuwa makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Wengi wao na watoto wao waliishi hapo kwa miongo minne bila haki ya kupiga kura. Mwaka 2014 serikali ilianza kuwapa vyeti vya uraia, pamoja na wenzao wa Katumba na Mishamo, hivyo baadhi yao waliweza kushiriki uchaguzi kama Watanzania katika jimbo jipya lililobeba jina hilo.

Kumbukumbu

Jina la Mirambo limepewa kambi ya jeshi na shule ya sekondari mjini Tabora, pamoja na mtaa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Katika vitabu vya shule vya Tanzania hutajwa pamoja na Isike, Mkwawa wa Wahehe na wengine kati ya viongozi wa karne ya 19.

Tathmini ya maisha yake inatofautiana. Katika maandishi mengi ya wasafiri Wazungu wa wakati wake alikuwa mvurugaji wa biashara, au kinyume chake mtawala mwenye kipaji kilichozidi wengine wote aliowakuta barani. Baada ya uhuru alitazamwa zaidi kama Mwafrika aliyekataa wageni kuamua mambo ya Unyamwezi. Yote mawili yana msingi, lakini vita vyake vilipiganwa pia, tena mara nyingi zaidi, dhidi ya Waafrika jirani, na mateka wa vita hivyo waliingia katika biashara ileile ya utumwa iliyopita njia aliyoigombania.